Plasta ya Mwalimu

Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia shuleni, sisi walimu wa msingi tuliamka asubuhi moja tukaambiwa kwamba tu mafundi. Mimi nilikuwa nikisomesha Kiswahili na historia, na kazi nzito kuliko zote niliyokuwa nimewahi kuifanya kwa mikono ilikuwa kufuta ubao. Nikapelekwa semina ya siku tano pamoja na wenzangu. Tukakaa vitini tukachorewa randa, tukachorewa msumeno, tukachorewa timazi, na siku ya mwisho kila mtu akapewa cheti na soda. Niliporudi Malindi nilikuwa mwalimu wa Sanaa na Ufundi. Randa yenyewe sikuwa nimeishika bado, lakini ungetaka nikuchoree, ningekuchorea.

Ningekuwa na akili, ufundi huo ningeuacha huko huko shuleni, ambako madhara yake yalikuwa ni stuli za kuyumba tu. Lakini nilikuwa na nyumba mtaa wa Barani, niliyoachiwa na shangazi yangu. Ilikuwa nyumba ya mawe na udongo, makuti juu, na kuta zake zilipigwa chokaa zamani sana, sasa ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya mzungu aliyelala juani. Miaka yote nilipita mbele ya kuta zile bila kuziona. Kisha mke wangu akashika mimba yetu ya kwanza, na mama yake akaleta salamu kutoka Mambrui kwamba atakuja kukaa nasi siku arobaini za uzazi. Desturi ilikuwa mke aende kwao akajifungulie huko, lakini daktari alitaka awe karibu na hospitali. Kwa hiyo mama mkwe ndiye anayekuja, na mimi hapo ndipo macho yakanifunguka, nikaziona kuta.

Mama mkwe alikuwa mjane aliyejijengea nyumba yake mwenyewe pale Mambrui, akiwasimamia waashi akiwa amekaa kwenye kigoda, na inasemekana ukuta mmoja aliwavunjisha mara mbili kwa sababu ulimkonyeza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hayo machache aliyanoa kwanza.

"Tafuta mwashi apige chokaa chumba kimoja tu," mke wangu akaniambia. "Hicho tutakacholala na mtoto. Yatosha."

"Mwashi wa nini?" nikamuuliza. "Wajua wasema na nani?"

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya shule. "Najua," akasema. "Ndiyo nikasema mwashi."

Mtu mwenye cheti hawezi kusikia neno kama hilo akatulia. Jioni ile ile nikafungua kitabu cha semina. Kilisema: sehemu moja ya simiti kwa sehemu nne za mchanga safi. Nikaamua kuachana na chokaa, maana chokaa ni mambo ya kale, na mimi nilikuwa mtu wa mtaala mpya. Swali lilikuwa moja tu, mchanga.

Jirani yangu alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Alikaa barazani kwake tangu asubuhi hadi magharibi akitoa ushauri kwa kila apitaye, na ushauri wake wote ulikuwa na sauti ya hukumu isiyokatiwa rufaa. Nikamwambia nawaza kuagiza mchanga wa mto Sabaki.

"Sabaki ya nini?" akasema. "Bahari ile pale. Mchanga umelala bure, mweupe, umeoshwa na maji usiku na mchana tangu dunia iumbwe. Wewe wataka kwenda kununua tope?"

Nikaenda ufuoni kuangalia, na kweli, mchanga ulikuwa ukimeremeta. Ule wa Sabaki niliuona kwa mtu aliyekuwa akijenga, nao ulikuwa na rangi ya machicha ya chai na vijizizi ndani. Nikajiuliza: katika hii miwili, safi ni upi? Nikamkodi mwenye mkokoteni. Alipokuwa akipakia akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huu ni wa watoto kuchezea?" Nikamhurumia kwa ujinga wake.

Basi, wewe unayetaka kujitengenezea nyumba yako, nikufunze nililofunzwa kwa gharama kubwa: mchanga safi si mchanga mweupe. Chukua punje chache, weka ulimini. Ukiusikia ladha, urudishe ulikoutoa.

Mimi sikuuonja. Nilivua shati Jumamosi moja kabla ya masika, nikakoroga simiti na mchanga ule kwenye karai, nikachota kwa mwiko, nikautupia ukuta. Ukuta ukanirudishia. Nikatupa tena, ukanirudishia tena, safari hii viatuni. Mwashi hutupa plasta kwa kukunja kifundo cha mkono, kama mtu anayefukuza nzi, ikashika. Mimi sikuwa na kifundo hicho, nikaanza kuipaka kama siagi kwenye mkate. Nilipoona haishiki vizuri nikaongeza simiti, maana niliwaza kwamba kitu kikiwa kizuri, kingi chake ni kizuri zaidi. Ukuta ulikuwa na mabonde, nikayajaza. Ulikuwa na vilima, nikavifuata. Mahali pengine plasta ilikuwa nyembamba kama chapati, pengine ilikuwa nene kama godoro. Chokaa kuukuu na vumbi la udongo sikuvikwangua kwanza. Kitabu hakikusema, na kama kilisema, kilisema kwenye ukurasa ambao siku ile ya semina tulikuwa tumetoka kwenda kunywa chai.

Kazi ilinichukua Jumamosi tatu. Nilipomaliza, nikamwita mke wangu aje aone. Akasimama mlangoni na tumbo lake, akatazama muda mrefu.

"Una mawimbi," akasema.

"Ndio mtindo wa sasa."

Akarudi jikoni. Jirani naye akaja na bakora yake, akaugonga ukuta mara mbili, akatoa hukumu: "Huu utatuzika sote." Nililichukua neno hilo kuwa sifa.

Mama mkwe aliwasili wiki ileile mvua zilipoanza. Nikampokea mkoba, nikampa shikamoo, akaitikia, akavua viatu akaingia chumbani. Akaupitisha mkono ukutani polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla hajamnunua.

"Nani fundi?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Mashaallah," akasema, kwa sauti ile watu waitumiayo wakionyeshwa mtoto wa jirani mwenye kichwa kikubwa.

Siku ya tatu ya mvua, ukuta ukaanza kutoka jasho. Si kuvuja, maana makuti yalikuwa mapya na juu kulikuwa kukavu. Ulitoka jasho wenyewe, matone madogo madogo, kama mtu mwenye homa. Jua likitoka kidogo, matone yanakauka, yanaacha unga mweupe. Nguo zikitundikwa karibu yake zinalowa. Nikamuuliza jirani, akasema ni ubichi wa simiti, utapita. Mama mkwe hakumuuliza mtu. Aligusa ukuta kwa kidole, akakitia mdomoni, akaonja, akanitazama.

"Chumvi imekolea," akasema. "Imebaki ndimu."

Mke wangu akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Wakarudi nyumbani kutoka hospitali wakalala katika chumba changu cha jasho, kitanda kimeegemezwa ukutani, mama mkwe akiwasha jiko la makaa ili mzazi apate joto. Nilikuwa na furaha kubwa, na mwanamume mwenye furaha kubwa hutafuta kitu cha kutengeneza. Nikauona mlango.

Mlango wa chumba ulikuwa ukisugua sakafuni, haufungiki mpaka uusukume kwa bega. Nikaenda kuazima randa shuleni. Mke wangu, pale kitandani na mtoto kifuani, akasema, "Si ubao huo. Bawaba ya juu imelegea, mlango umening'inia. Chomoa skrubu, tia kijiti tunduni, kaza tena. Utasimama."

Nikamwambia apumzike. Nikaung'oa mlango, nikaupiga randa chini, nikaupiga randa ubavuni, na raha ya maranda yale yanayojikunja ikanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Nilipourudisha, ulifungika vizuri sana. Ulifungika hivi kwamba paka wa jirani aliingia ukiwa umefungwa. Keshoye mama mkwe akachukua kisu cha jikoni na kijiti cha ufagio, akafanya alivyosema binti yake, kwa muda usiofika wa kuchemsha chai. Mlango ukainuka ukasimama wima mahali pake, na nafasi niliyokuwa nimeichonga bure ikaonekana yote. Akaitundikia kipande cha leso kuukuu. Basi na hili nalo lishike: kabla hujachonga mlango, tazama bawaba, na ukishapunguza mbao, hakuna randa ya kuirudisha.

Baada ya hapo nikaona kwamba mama mkwe ana tabia mpya. Kila asubuhi, akishamwogesha mtoto, alikuwa akiugonga ukuta kwa fundo la kidole, hapa, na hapa, na hapa, akitega sikio. Sikupenda. Ilikuwa kama kuona mtu akisahihisha daftari lako mbele yako. Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta kitanda kimevutwa hadi katikati ya chumba, kimekaa peke yake kama jeneza linalosubiri kuswaliwa.

"Kitanda kimefanya nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Mama ametaka kipate hewa."

Nikakirudisha ukutani. Jioni nikakikuta katikati. Nikakirudisha tena. Nilikuwa nimeudhika, nasema kweli, maana nyumba ni yangu na ukuta ni wangu, na mwanamume aliyeshindwa na mlango hataki kushindwa na kitanda. Mama mkwe akaingia, akakivuta mwenyewe, miguu ya kitanda ikilia sakafuni, kisha akasimama kati yangu nacho.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekula chakula chako na nimekaa kwako kwa heshima. Kitanda hiki kikiguswa tena, naondoka na mwanangu na mjukuu wangu, leo hii."

Sikukigusa tena. Nilinuna siku nne, nikila kimya, nikijiona nimedhulumiwa.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilikuwa uani nikinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa msumarini. Nikasikia kishindo kama gunia la mahindi limetupwa kutoka juu ya lori, kisha kimya, kisha vumbi likatoka chini ya mlango, kupitia mwanya niliouchonga. Nikakimbia na povu usoni.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amemkumbatia mtoto, macho yamemtoka. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akipiga chafya. Plasta yangu ilikuwa imebanduka yote kwa pamoja, kuanzia juu hadi kiunoni mwa ukuta, pande moja refu kama mlango na nene kama kiganja kilichosimama, ikaanguka na kuvunjika pale pale palipokuwa kichwa cha kitanda. Mto ulikuwa unalazwa hapo. Mtoto alikuwa analazwa juu ya mto huo, upande wa ndani, upande wa ukuta, ili asianguke.

Mama mkwe akaja, akamtwaa mtoto, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya leso yake. Nikangoja neno lake. Nilikuwa nimelistahili, na nilikuwa nimejiandaa kulipokea, kali kuliko yote aliyowahi kuyanoa. Akatoka na mtoto uani, kwenye jua.

Nikachutama nikaanza kuokota vipande kwa mikono, kimoja kimoja, kama kwamba nikiviokota vyote hapatakuwa pameanguka kitu. Mke wangu akaniambia, "Acha. Wajikata." Nilikuwa nimejikata kweli, sikusikia. Povu lilikuwa limenikaukia shavuni. Nilimwambia nilikirudisha kitanda mara mbili. "Najua," akasema. "Nilikuwa nimelala juu yake."

Mama mkwe ndiye aliyemwita fundi. Alikuwa Mgiriama wa upande wa Gongoni, mtu wa makamo, mwashi aliyemjengea nyumba yake ya Mambrui, mwenye mikono mipana na ulimi usiochoka. Aliingia chumbani, akatazama mabaki yaliyokuwa bado yamening'inia, akashika kiuno.

"Mulungu wangu! Kazi hii ni ya nani?"

Mama mkwe alikuwa jikoni. Mke wangu alikuwa uani. Nikajibu, "Fundi mmoja kutoka Mombasa."

Sijui kwa nini nilisema Mombasa. Labda niliona ni mbali ya kutosha.

Kwa siku tatu fundi yule akabandua plasta na kumsema yule wa Mombasa. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuchota maji na kubeba kifusi, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. "Mtu huyu mlimpa chakula?" akauliza. Nikasema tulimpa. "Mngempa na dawa. Mchanga wa bahari, ndani ya nyumba! Mchanga ule una chumvi, chumvi yaita maji, kila masika ukuta utalia kama mfiwa. Na simiti juu ya udongo! Ukuta wa udongo wapumua, Mwalimu. Huyu ameuziba pua na mdomo, sasa alingoja nini? Na tena hakukwangua, amepaka juu ya vumbi. Ni kama kubandika stempu juu ya unga." Akapangusa jasho. "Alikuwa na macho mawili?"

"Alikuwa na miwani," nikasema, nikasahau kwamba ninayo yangu puani.

Fundi akanitazama kidogo, akarudi kazini. Nilimwona mke wangu nje ya dirisha, ameuma leso, mabega yanamtikisika.

Kisha jirani akaja na bakora yake. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Nilimwambia Mwalimu huyu," akamwambia fundi, "mchanga wa bahari haufai hata siku moja. Hawasikii, vijana hawa." Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi, imejaa, na Mungu anajua niliyoyawaza.

"Ala!" fundi akasema. "Ulikuwepo? Basi, mzee, huyo fundi wa Mombasa ulimwona?"

"Fundi gani wa Mombasa?" jirani akauliza.

Nikaenda kuchota maji mengine, ingawa ndoo ilikuwa haijapungua.

Niliporudi, jirani alikuwa ameondoka na fundi alikuwa akigonga kipande cha mwisho karibu na dirisha. Kikaanguka kikapasuka, na ndani yake ikatoka kalamu ya wino mwekundu, ya kusahihishia, imeganda kwenye simiti kama mfupa wa samaki. Akaichomoa, akaikung'uta, akaipangusa kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "ukienda Mombasa, mpelekee mwenyewe."

Tangu saa ile akaacha kumsema mtu yule. Akaanza kunifunza. Tulikwangua hadi tukafika kwenye jiwe, tukapangusa vumbi kwa ufagio, tukaunywesha ukuta maji mpaka ukashiba. Mashimo akayajaza kwa vijiwe vidogo na chokaa iliyochanganywa na mchanga wa Sabaki, kila kijiwe akikisukuma kwa kidole gumba. Chokaa yenyewe aliileta ndani ya pipa, imelowekwa majini wiki nyingi, laini kama mtindi. Akapiga koti jembamba, tabaka la kwanza, akasema tungoje. Nikamuuliza tungoje mpaka lini. "Mpaka uache kuuliza," akasema. Siku zilipopita akapiga la pili, na juu yake niru, chokaa tupu iliyosuguliwa mpaka ukuta ukang'aa kama yai. Nilijaribu sehemu moja nyuma ya mlango. Akaitazama, akaifuta, akaipiga upya bila kunikasirikia.

Arobaini ilifanyika ndani ya chumba kile, wanawake wamejaa hadi mlangoni, na mama mkwe akakiegemeza kitanda ukutani kwa mkono wake mwenyewe kabla wageni hawajaingia. Nilimwomba radhi siku aliyofunga mkoba wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri ya kimwalimu. Akayasikiliza yote, kisha akaniambia, "Mtoto mzima. Basi." Akaniacha na basi hilo mpaka leo.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu akaniita ofisini. Wazazi walikuwa wamejenga karakana ya Sanaa na Ufundi, kuta zilikuwa bado mawe matupu, naye alitaka mimi na darasa la saba tuzipige plasta, maana ni mimi niliyekuwa na cheti. Nikamsimulia kila kitu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema hana mwalimu mwingine. Nikapanda basi hadi Gongoni, nikamtafuta fundi, nikamwomba aje awafunze watoto kila Alhamisi.

Akaja na mwiko wake na suruali yenye madoa ya chokaa. Nikamtambulisha kwa darasa, nikamwachia ubao, nikaenda kuketi nyuma kabisa na daftari langu, magoti yamegusa meza ndogo. Akawauliza wanafunzi ni kitu gani cha kwanza mtu hufanya kabla ya kuupiga ukuta plasta. Mikono ikainuka. Nami nikainua wangu, maana jibu nililijua. Akautazama mkono wangu, akautazama tena, akamchagua msichana wa mstari wa mbele.